Msumari wa Tatu

Jumamosi hiyo Pindo alikwenda kituoni akiwa amebeba neno ambalo halikuwa lake. Alikabidhiwa na mama yake asubuhi, wakati wa chai, na alilibeba njia nzima kwa uangalifu, kama mtu aliyebebeshwa sahani iliyojaa mchuzi. Neno lenyewe lilikuwa fupi tu. Hapana.

Kutoka kwao hadi Kituo cha Jamii ni mwendo wa dakika kumi. Siku hiyo alitumia nusu saa. Alisimama kwa muuza magazeti akasoma vichwa vya habari bila kuelewa hata kimoja. Akasimama tena mbele ya duka la viatu, akaangalia viatu vya kiume vya saizi kubwa, akajikuta anatabasamu peke yake dirishani, kisha akakumbuka alichotumwa na tabasamu likamtoka. Jua lilikuwa jepesi, lile la saa tatu asubuhi ambalo halimchomi mtu, na hewa ilinukia sabuni kutoka kwa dobi wa kona. Ilikuwa siku ambayo mtu aliyependa angetakiwa kuifurahia.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, fundi wa nguo za harusi tangu akiwa na ishirini, na wanawake aliowavalisha siku yao kubwa hakuwahesabu tena. Jina la Pindo alipewa utotoni, kwa sababu alikuwa hatembei mpaka ashike pindo la gauni la mama yake. Watu wa mtaani walimtania kwamba mpaka leo hajaliachia. Alikuwa anacheka nao, ila siku hizi kicheko kilikuwa hakifiki mbali.

Kituo chenyewe ni jengo la zamani lenye ukumbi mmoja mkubwa, chumba cha kusomea magazeti, na huko nyuma kabisa, ukipita sinki la kuoshea vyombo, kuna chumba cha nguo. Hapo ndipo watu wa kujitolea walikutana kila Jumamosi, wakakata nguo zilizochakaa na kuziunga vipande vipande ziwe mablanketi ya wazee wanaoishi peke yao mtaani. Hakuna aliyelipwa hata kikombe cha chai. Chai walikuja nayo wenyewe kwenye chupa.

Mlangoni mwa chumba hicho kulikuwa na misumari mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa mikoba. Wa pili ulikuwa wa nguo za kurekebishwa, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Wa tatu ndio uliokuwa na sheria yake. Nguo iliyotundikwa msumari wa tatu haiulizwi ni ya nani. Inachukuliwa kimya kimya na kukatwa. Sheria hiyo iliwekwa na mkuu wa chumba, mama mmoja mkunga mstaafu ambaye nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake, na kila mtu alimwita Bi Mkunga. Wengi waliokuja na nguo walikuwa wamefiwa, na yeye aliwahi kumwona mjane akiulizwa habari za koti la marehemu na watu wanne kwa zamu, mpaka akalikumbatia koti lake na kurudi nalo nyumbani analia. Tangu siku ile ikawa mtu anatundika, anaondoka, na hakuna wa kumfuata kwa maswali.

Sheria nzuri, lakini ndiyo iliyomponza Pindo.

Ilikuwa miezi mitano nyuma. Bomba la chini ya sinki lilipasuka, kituo kikamwita fundi bomba. Kijana mrefu, mgeni, hakujua habari za misumari wala sheria. Hakutaka shati lake lilowe, akalivua, akaona msumari mtupu mlangoni, akalitundika. Halafu akaingia chini ya sinki na spana yake.

Pindo alipofika alilikuta shati hilo kwenye msumari wa tatu. Lilikuwa jipya bado, la buluu lenye mistari myembamba myeupe, limepigwa pasi vizuri. Roho ilimuuma. Alijisemea, huyu alikufa mapema. Hakuuliza, kwa sababu haiulizwi. Alilitandaza mezani, akalipapasa mabega, akamwombea marehemu mahali pema, na wakati anaomba, marehemu alikuwa hatua kumi kutoka pale, chini ya sinki, anapiga mluzi. Akakata kwa heshima zote. Akapata vipande kumi na tisa visivyo na kasoro. Alipofika kwenye kola, marehemu akatoka akiwa na fulana, maji yanamchuruzika kwenye viwiko, akauliza kwa adabu kama kuna mtu ameona shati lake.

Mzee mmoja aliyekuwa tarishi wa posta enzi zake, ambaye wote walimwita Mzee Stempu, alikohoa bila kuwa na kikohozi. Pindo alikuwa ameshika kola mkono mmoja na mkasi mkono wa pili, na hapakuwa na pa kujificha.

Fundi alitazama vile vipande, akatazama mkasi, halafu akamtazama mwenye mkasi. Ndipo yalipoanza, ukitaka kujua. Pindo alisubiri kutukanwa, na alikuwa tayari, maana alistahili. Lakini macho yale yalimkalia usoni kwa upole ambao hakuuzoea, kana kwamba aliyepata hasara ni yeye, si mwenye shati. Kisha fundi akasema, "Umekata vizuri. Hakuna hata kimoja kilichokwenda upande."

Baadaye walikuja kujua kwamba saa nane mchana huo alikuwa na usaili wa kazi ya mabomba hospitalini, na shati lilikuwa la usaili. Mzee Stempu alimvalisha koti lake, mikono ikamwishia karibu na viwiko, akaenda hivyo hivyo. Jumamosi iliyofuata akarudi. Pindo alipomwona mlangoni alitamani ardhi ipasuke immeze. Fundi akasalimia, akaeleza kwamba kazi amepata, walimuuliza habari za mabomba tu na wala hawakuuliza habari za shati. Sasa amekuja kulishona.

"Lipi?" aliuliza Bi Mkunga.

"Langu. Limeshakatwa, basi na liungwe. Nifundisheni."

Wakamfundisha, na wote wakazoea kumwita Fundi. Vidole vyake vilizoea vyuma, sindano ilimtoka mkononi kila mara, na kutunga uzi kulimshinda kabisa. Pindo, bila kuambiwa na mtu, akawa anafika mapema na kumtungia sindano sita, anazichoma kwenye pazia karibu na kiti chake cha dirishani, nyuzi zinaning'inia. Fundi alikuwa anakaa, anachomoa ya kwanza, anamtazama Pindo mara moja tu, kwa muda mfupi sana, halafu anainamia kazi yake. Hiyo mara moja Pindo aliishi nayo wiki nzima. Alikuwa anapinda gauni la harusi la mtu na akili yake iko kwenye pazia la kituoni.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda miezi mitano. Walizungumza mambo madogo: namna maji yanavyotafuta njia yake ukutani, namna hariri inavyojua mkono wa mtu mwenye hasira. Fundi alimsimulia kwamba alilelewa kwenye nyumba ya watoto yatima, akatoka akiwa na miaka kumi na minane na sanduku moja. Alisimulia bila kujihurumia, huku anakaza fundo la uzi kwa meno, jambo ambalo Pindo alimkataza mara mia. Siku nyingine walikuwa hawasemi neno, na mwanga wa dirishani ulihama polepole kutoka goti lake kwenda goti la Pindo, na saa ya kufunga ikawakuta hapo hapo. Wenzao walikuwa wanaona. Chumba kile hakikuwa na mtu kipofu.

Jumamosi iliyopita Fundi alikuta sindano saba. Akaihesabu ile ya mwisho kwa kidole, akauliza hii ya saba ni ya nini. Pindo alisema ni ya akiba. Fundi akasema maneno ambayo yalimnyima Pindo usingizi: "Nikuulize. Nikija kwenu, nitafunguliwa mlango?"

Na leo alikuwa anakwenda kumpa jibu.

*

Alimkuta uani. Siku hiyo mablanketi yaliyokamilika yalikuwa yamefuliwa, yameanikwa kwenye kamba nne kutoka ukuta hadi ukuta, na ua mzima ulikuwa umegeuka vyumba vya rangi. Ukiingia katikati hukuona tena jengo wala barabara, ila nguo za watu zilizogeuka kitu kingine, na jua likipenya upande wa pili likaleta mwanga wa njano hapa, wa kijani pale. Fundi alikuwa ndani kabisa, anabana vibanio. Alipomwona alishusha mikono, akasubiri. Hakuuliza. Alimsoma tu usoni, na Pindo aliona kwamba ameshajua.

"Mama amesema hapana," akasema.

Ilitoka yote, bila kumwagika. Alikuwa ameitunza njia nzima.

"Sawa," alisema Fundi. Kisha akaongeza, "Amesema kwa nini?"

Pindo akamweleza. Mama alisema mwenye nia huja na watu wake. Mtu ambaye hana mjomba wala shangazi, hana hata jirani wa utotoni wa kumsemea, ukimpa binti yako umempa nani? Siku akiondoka utamtafuta kwa nani? Na tena ni mdogo kwake kwa miaka mitatu, ingawa hilo mama alilisema mwishoni, kama mtu anayejazia kapu.

"Hajakosea. Sina mtu," alisema Fundi. Alikishika kibanio akakifungua na kukifunga. "Nilidhani ningekwenda mwenyewe, nikae chini, anitazame anavyotaka."

"Huelewi. Mimi niliwahi kuchumbiwa."

Alikuwa hajamwambia. Sasa akamwambia, huku ameangalia blanketi lililo mbele yake. Miaka minane iliyopita kulikuwa na mchumba, mtu wa familia inayojulikana. Gauni alilishona mwenyewe, miezi mitatu, lulu moja moja. Siku kumi na saba kabla ya harusi yule mtu alituma ujumbe kwamba amebadili mawazo. Watu walikuwa wameshaalikwa. Pindo alijifungia chumbani, na aliyevaa viatu akatoka alikuwa mama. Alipita nyumba arobaini na mbili, mlango kwa mlango, kuwaambia wasije. Kila mlango alisimama, akaeleza, akajibu maswali, akaombewa, akahurumiwa, akaenda mwingine. Alirudi miguu imevimba. Hajawahi kumlaumu Pindo hata siku moja, na hilo ndilo lililomfunga Pindo kuliko lawama yoyote.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Upepo uliyainua mablanketi kidogo, ukayarudisha. Aliposogea, Pindo alidhani anakuja kumshika mkono, lakini alisimama mahali ambapo mkono ungefika kama ungenyooshwa. Haukunyooshwa. Walitazamana hivyo, na Pindo aliona jinsi nyusi zake zilivyokuwa na vumbi la chokaa, na jinsi alivyokuwa amevaa shati safi leo, amefunga mpaka kifungo cha juu, kama mtu aliyekuja kusikia habari njema.

"Na wewe?" aliuliza. "Wewe unasemaje?"

Pindo alifungua mdomo. Ndani yake kulikuwa kumejaa, lakini hakuna kilichotoka. Miaka yote maneno makubwa ya maisha yake yalisemwa na mama, naye akayashona.

Fundi alimsubiri kwa muda mrefu kuliko ambavyo mtu mwingine angemsubiri. Kisha akatikisa kichwa taratibu, bila ukali.

"Basi. Sitaki mama yako apite tena hata nyumba moja kwa ajili yangu. Na sitakuja Jumamosi tena, maana nikikaa pale dirishani nitakuwa nakuomba kila nikikutazama, hata nisiposema."

Akageuka akamalizia blanketi alilokuwa analianika. Alilinyoosha, akalinganisha ncha zake mbili, akabana kibanio cha mwisho. Halafu akapita katikati ya zile rangi, na Pindo akaona miguu yake tu chini ya mablanketi, inakwenda mpaka mwisho wa ua, haionekani tena.

*

Blanketi, hata liwe zito vipi, si ukuta. Pindo alipojifuta macho alimkuta Bi Mkunga amesimama kamba ya pili, na nyuma yake Mzee Stempu na wanawake wengine watano, kila mmoja ameshika nguo yenye maji ambayo alikuwa ameacha kuianika dakika nyingi zilizopita. Hakuna aliyejitia hakusikia.

Bi Mkunga alitoa kibanio mdomoni. "Hiyo hapana ni ya mama yako, mwanangu. Umeileta salama, tumeiona. Yako iko wapi?"

Pindo akasema hajui.

"Unajua. Nilikupokea mimi siku uliyozaliwa. Ulikaa kimya mpaka nikaogopa, nikakupiga kofi moja, ndipo ukalia. Sasa umekuwa mkubwa, siwezi kukupiga tena."

Pindo alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo halipendezi usoni, lakini pale hapakuwa na mgeni. Mzee Stempu ndiye aliyeuliza, kwa sauti yake ya mtu anayesoma anwani, kama ni kweli kikwazo ni kwamba kijana hana watu. Pindo akakubali kwamba ndicho hasa. Mzee akawageukia wenzake akauliza sisi basi ni nini, mapazia?

Hapo mambo yakaenda kasi. Pindo alijaribu kuwazuia. Aliwaambia mama hapendi kushtukizwa, aliwaambia leo anapiga pasi, aliwaambia kila kitu isipokuwa msiende, kwa sababu hilo hakulitaka. Mzee Stempu alitangulia kumfuata Fundi, akamkuta kituo cha basi amekaa na mfuko wake wa vifaa magotini, ameachia basi la tatu lipite. Alipoambiwa wanakokwenda alikataa. Ameambiwa hapana, alisema, na mlango wa mtu aliyesema hapana hauingiwi. Walimbembeleza mpaka akakubali kufika getini. Zaidi ya hapo hakuna aliyemweza.

Mama yake Pindo alikuwa sebuleni anapiga pasi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, ambaye hajawahi kuunguza nguo maishani mwake na alipenda ijulikane. Alipoona watu wanane wanaingia mfululizo, na binti yake akiwa nyuma ya wote, macho mekundu, alielewa ni nini. Aliwakaribisha. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye mkono wa kochi. Yeye akaendelea kupiga pasi.

Bi Mkunga akasema kilichowaleta. Alisema vizuri, bila kupamba. Alisema huyu kijana amerekebisha maji ya wazee kumi na mmoja wa mtaa huu bila kuombwa, kwa sababu akipeleka blanketi husikia koki inayodondoka, na ikidondoka hawezi kuondoka. Alisema walimwona siku ya hasara na siku ya kazi. Mama alisikiliza huku shati la mtu likipita lote chini ya pasi, bega kwa bega.

"Nani kati yenu ana undugu naye?" aliuliza.

"Yeye hana undugu na sisi," alisema Mzee Stempu. "Sisi ndio tuna undugu naye."

Wanawake waliguna kukubali. Pindo aliinua macho na matumaini. Lakini mama aligeuza shati upande wa pili, akainyunyizia maji kola.

"Mmesema vizuri, na nyote nawaheshimu. Lakini yule wa kwanza alileta watu kumi na wanne, kwa magari mawili. Na wao walisema vizuri. Walisema vizuri kuliko nyinyi." Akanyoosha mkono wa shati. "Baadaye nilipita nyumba arobaini na mbili, na hakuna hata mmoja wao aliyenisindikiza. Kunyweni maji, wapendwa wangu, halafu mwende kwa amani."

Bi Mkunga mwenyewe, mwenye majibu ya mtaa mzima, alitazama mikono yake. Mtu mmoja akaanza kunyanyuka kutoka mkono wa kochi.

"Mama," alisema Pindo.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake, na mama aliijua kwa sababu aliacha kusukuma pasi.

"Asubuhi ulinituma nikamwambie hapana. Nilimwambia. Akaniuliza mimi nasemaje, nikakaa kimya kama sina mdomo. Ile ilikuwa ya kwako, mama. Ya kwangu sijamwambia mtu."

"Iseme, basi."

"Nampenda." Aliposema neno hilo aliona chumba kimekuwa kikubwa, na yeye hakuanguka. "Nampenda na nataka aje. Sijui kama hataniacha, hakuna anayejua. Lakini akiniacha, hizo nyumba arobaini na mbili nitazipita mimi. Kwa miguu yangu, mlango kwa mlango. Wewe utakaa hapa hapa upige pasi. Hutatoka."

Mama alimtazama binti yake kwa macho yaliyokuwa yanatafuta mtoto fulani na kumkosa. Harufu ikaanza kupanda, na Mzee Stempu akanong'ona pasi, pasi. Mama akaiinua. Kwenye shati kulibaki alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Aliitazama hiyo pia. Akachomoa waya ukutani, akauzungusha vizuri kama anavyouzungusha siku zote, akajifunga kanga yake vizuri, akauliza, "Yuko wapi?"

"Getini. Amekataa kuingia, kwa sababu ulisema hapana."

"Kumbe ana masikio," alisema mama, akatoka.

Walijazana dirishani wote wanane, bila aibu, na Pindo alikuwa katikati, paji la uso kwenye kioo. Hakuna kilichosikika. Walimwona Fundi akisimama wima alipomwona anakuja, akiweka mfuko wake chini, akiinama kumwamkia. Mama alisimama upande wake wa geti bila kulifungua. Alisema jambo. Fundi akajibu. Mama akasema tena kwa muda mrefu, akihesabu vidole, na Pindo alijua vile vidole ni nyumba, anaanza na ya kwanza. Fundi hakuinua kichwa mpaka alipomaliza. Halafu akasema maneno machache sana, pengine matano. Mama akapitisha mkono kwenye nondo za geti, akamshika kiganja, akakigeuza juani akakichunguza vidole kimoja kimoja, kwa utaratibu ule ule aliokuwa anakagua nao mishono ya Pindo alipokuwa mtoto. Jua la mchana lilikuwa limewamwagikia wote wawili. Pindo alihisi kwamba ameshawahi kuiona siku hii mahali fulani, labda katika zile saa alizokuwa anapinda magauni ya watu na kuota macho wazi.

Mama alirudi peke yake. Aliwakuta wamerudi kwenye viti haraka haraka, kila mtu na uso wa kanisani, glasi za maji mikononi. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake ya pasi, akalikunja lile shati lililoungua, akaliweka pembeni.

"Nimemwambia Jumamosi ijayo asije hapa," alisema.

Pindo akashika kiti kilichokuwa karibu.

"Jumamosi mna mablanketi yenu, mtu asiache kazi ya wazee kwa sababu ya kuja kunitazama mimi. Aje Jumapili." Akawatazama mmoja mmoja, kutoka kwenye kochi mpaka mlangoni, kana kwamba anawaandika. "Na aje na watu wake. Akikosekana hata mmoja wenu, simfungulii."